Kigandishi cha vidonge

Kigandishi ni kiambata kinachochanganywa na unga wa dawa ili chembe zake zishikane zinapogandamizwa kuwa kidonge (pia: tembe). Chenyewe si dawa. Kikipungua, kidonge humomonyoka kikiwa bado chupani. Kikizidi, kidonge huwa kigumu kama kokoto na huchelewa kuachia dawa tumboni. Ugandamizaji wa vidonge ulianzia Uingereza, ambako William Brockedon alipata hataza yake mwaka 1843.

Uji wa wanga

Hiki ni kigandishi cha zamani, rahisi na cha kutegemewa. Wanga wa mahindi, viazi au muhogo hukorogwa kwanza katika maji baridi usifanye madonge, kisha humiminwa kwenye maji yanayochemka huku ukisongwa mfululizo, mpaka weupe wa maziwa ugeuke ute unaopenya mwanga. Aliyewahi kumpikia mtoto uji ataitambua kazi hiyo. Mara nyingi uji huwa na asilimia 5 hadi 10 ya wanga, na hupikwa upya kila mara kwa sababu ukilala huchacha.

Uji ukishakandwa pamoja na dawa, fundi hufumbata konzi moja ya mchanganyiko. Ukishikamana, kisha ukakatika vipande bila kunata kiganjani, maji yametosha. Hapo hupitishwa kwenye chekeche kupata chembechembe, zikakaushwa na kupelekwa mashineni.

Uzuri wa wanga ni kwamba ukipikwa hushika, ukiwa mbichi huachanisha. Wanga mkavu ukiongezwa katika kidonge hichohicho hunywa maji tumboni, ukavimba na kukipasua. Unga mmoja hufanya kazi mbili zinazopingana.

Kuchagua kulingana na dawa

Parasetamoli ni sumbufu. Fuwele zake hubonyea zikibanwa, kisha hurudi kama mpira, na tabaka la juu la kidonge hubanduka kama kifuniko. Dozi ya miligramu 500 nayo haiachi nafasi kubwa ya viambata, kwa hiyo hutafutwa kigandishi chenye nguvu kwa kiasi kidogo, kama povidoni ya asilimia 2 hadi 5.

Aspirini haipatani na maji. Unyevu huivunja ikatoa asidi ya asetiki, ndiyo maana kopo lililokaa sana hunuka siki likifunguliwa. Hiyo hugandamizwa kavu, kwa selulosi ya fuwele ndogo.

Jelatini hushika vizuri, lakini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, pengine nguruwe. Kwa Waislamu na kwa wasiokula nyama hili si jambo dogo, na mtengenezaji makini hutaja asili yake.

Vigandishi vingine

Gundi ya mgunga, itokayo hasa Sudan, hutoa vidonge vigumu visivyovunjika upesi. Hipromelosi, selulosi iliyobadilishwa kikemia, hutumika pia.

Vipimo

Ili kupima uimara, vidonge huzungushwa katika ngoma mara 100 kwa dakika 4, vikianguka kimo cha sentimita 15 hivi kila mzunguko. Visipoteze zaidi ya asilimia 1 ya uzito. Vingine hutumbukizwa katika maji ya nyuzijoto 37 kuona vitavunjika baada ya muda gani. Kwa kanuni za Uingereza, kidonge cha kawaida kisichopakwa ganda hupewa dakika 15 kivunjike.

Afrika Mashariki

Muhogo hulimwa kwa wingi pwani na bara, na wanga wake ukisafishwa vyema hufaa kuwa kigandishi.