Reli ya Vipande: Kongo ya Mashariki

Wengi husema Kongo ya mashariki ilichelewa kuendelezwa kwa sababu ya umbali. Nadhani kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa kupakua. Kiswahili kilikwisha kufika na misafara ya akina Tippu Tip, kwa miguu. Mizigo ya wakoloni ilitaka mto, na mto hukatwa na maporomoko. Hivyo reli ikajengwa vipandevipande (kwa majina ya leo): Kisangani hadi Ubundu, kilomita 125, mwaka 1906, kisha Kindu hadi Kongolo, na mwaka 1915 Kabalo hadi Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika. Katikati ni meli. Gunia lililotoka Kisangani kwenda ziwani lilihamishwa mara nne, mara nyingi mabegani mwa watu walioshurutishwa.