Mikono Iliyopaka Rangi Majoka

Dubu mwenye kichwa cha bundi, mdudu mkubwa anayekula chuma, na mnyama wa magamba anayechimba chini kwa chini akaibukia miguuni mwa watu: hawa watatu kila anayecheza mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons anawajua. Asili yao ni vinyama vya plastiki vilivyotengenezwa Hong Kong na kuuzwa kwa bei ya chee katika maduka ya Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Gary Gygax, mmoja wa waliouunda mchezo huo, wa mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin, alikuwa akitafuta mazimwi ya kuweka kwenye meza yake ya michezo ya vita, akakutana navyo. Havikufanana na mnyama yeyote wa duniani, kwa hiyo vikapewa majina, nguvu na tabia. Dubu-bundi na mla chuma waliingia katika kitabu cha mchezo mwaka 1975.

Naanzia hapo kwa makusudi. Mimi ni mtu wa Tanga ninayeishi Indianapolis, mji unaopokea Gen Con, maonyesho ya michezo ambayo Gygax aliyaanzisha Lake Geneva mwaka 1968. Hapa husikia sana habari za waandishi, wachoraji na wachongaji. Za wapaka rangi wa viwandani sizisikii.

Mchezo wenyewe ulipochapishwa mwaka 1974, aliyetaka visanamu vya wahusika vya kuweka mezani alivipata vya risasi, vitupu bila rangi. Katika miaka iliyofuata kampuni ya Ral Partha ya Cincinnati ilivimimina, Grenadier nayo, na Citadel kule Uingereza. Rangi ilikuwa shauri la mnunuzi: brashi nyembamba, vichupa vya rangi, taa kali na jioni nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hofu ya sumu ya risasi iliwasukuma watengenezaji kwenye madini mengine, na bei ikapanda. Mtu anayetoka zamu ya usiku ghalani, kama wengi tunaocheza pamoja, angevipaka saa ngapi?

Mwaka 2000 kampuni ya WizKids, iliyoanzishwa na Jordan Weisman, ilitoa Mage Knight: visanamu vya plastiki vilivyokwisha kupakwa rangi, kila kimoja juu ya kitako chenye gurudumu la namba zinazoshuka mpiganaji anapojeruhiwa. Viliuzwa ndani ya visanduku vilivyofungwa, hujui umepata nini mpaka ufungue, kama ilivyokuwa kwa kadi za mchezo wa Magic tangu 1993. Wizards of the Coast, wenye Magic na wamiliki wa Dungeons & Dragons tangu 1997, waliona soko lilipo. Mwaka 2003 wakatoa seti ya Harbinger yenye visanamu 80 tofauti. Pakiti ya nyongeza ilikuwa na visanamu 8: kimoja adimu, vitatu vya kati, vinne vya kawaida.

Wakusanyaji walikimbilia vile adimu. Mimi nilivithamini vya kawaida. Anayeendesha mchezo anahitaji kundi zima la maadui, maorki na mifupa inayotembea, na hao ndio waliojaa madukani, wakiuzwa mmoja mmoja kwa bei nafuu na watu waliofungua visanduku wakitafuta joka. Plastiki ilikuwa laini, mikuki ilipinda. Ukikichovya kisanamu kwenye maji ya moto, ukanyoosha mkuki, kisha ukakitia kwenye maji baridi, hukaa sawa. Mafundi wa brashi waliudharau upakaji huu wa kiwandani. Naona walikosea, maana walipima jicho moja la orki bila kupima ni watu wangapi waliokaribishwa mezani.

Kazi yenyewe ya kupaka rangi ilifanyika China, kwa sehemu kubwa kwa mkono, hatua kwa hatua. Kila rangi inayoongezwa ni gharama, ndiyo sababu orki wa kawaida alipata rangi chache, na kile adimu kikapata kivuli kwenye mikunjo ya joho. Dubu-bundi, mla chuma na yule mchimbaji nao walitoka katika visanduku hivyo. Mazimwi yaliyozaliwa katika viwanda vya Hong Kong yalirudi kufinyangwa upya na wafanyakazi wa pande zilezile za dunia.

Wizards waliacha kutoa visanamu hivyo mwaka 2011. WizKids, wakati huo ikiwa mali ya kampuni ya NECA, ikaendelea na biashara, na mwaka 2014 ikaanza mfululizo wa Icons of the Realms, unaotoka hadi leo.

Vitabu vya mchezo huorodhesha mwandishi, mhariri na mchoraji wa kila picha. Ombi langu kwa wanaouza visanamu hivi ni dogo: chapeni kwenye kisanduku jina la kiwanda na majina ya waliopaka rangi, wale watakaoridhia. Nafasi ya kuyaweka ipo.