Safu ya Leo na Safu ya Kesho

Wahenga walisema kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Ni methali nzuri, na sisi walimu tumeitumia sana kuwasifu watoto waliofanya vizuri mapema. Lakini methali hiyo haituambii ni nani aliyekuwa macho asubuhi hiyo, wala haituambii kwamba asubuhi nyota huwa nyingi, na nyingine huzimika kabla jua halijachomoza. Namna ya kumtazama kijana wa leo na kukisia atakuwa nani baada ya miaka kumi ni swali la kila mzazi, kila mwalimu na kila mwajiri. Nataka kulitazama swali hilo kwa mfano wa mbali kidogo, yaani mchezo wa besiboli wa Marekani, na kijana mmoja aliyepimwa huko mwaka 1992.

Besiboli si mchezo wetu, ingawa si mgeni kabisa katika Afrika Mashariki. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikwenda kucheza mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza hapo. Hata hivyo, sikuuchagua mchezo huu kwa sababu hiyo. Nimeuchagua kwa sababu wenyewe wameifanya kazi ya kupima vijana kuwa taaluma yenye fomu, alama na mishahara. Kila walichokisia wamekiandika kwenye karatasi na kutia sahihi. Miaka ikipita, mtu anaweza kuzirudia karatasi hizo na kuzisahihisha kama mwalimu anavyosahihisha madaftari.

Ili tuelewane, sharti nieleze kwanza kazi ya mchezaji anayeitwa shotistopu. Uwanja wa besiboli una vituo vinne vilivyopangwa kama pembe za mraba. Shotistopu husimama kati ya kituo cha pili na cha tatu. Kwa kuwa wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia, mipira mingi inayodunda chini huelekea upande wake, naye huwa na kazi nzito kuliko walinzi wenzake wa ndani. Mpigaji wa kawaida wa mkono wa kulia huchukua kama sekunde 4.3 kukimbia mita 27 na ushei hadi kituo cha kwanza. Katika muda huo mfupi shotistopu hana budi kuukimbilia mpira, kuudaka, kuutoa kwenye glavu na kuurusha, pengine mita 35 au zaidi, umfikie mwenzake kabla ya mkimbiaji. Akichelewa nusu sekunde tu, kazi yote imeharibika.

Watafuta vipaji wa besiboli huzunguka viwanja vya shule na vyuo wakiwa na saa ya mkononi na daftari. Wao hupima mambo matano, ambayo huyaita zana tano za mchezaji: kuupiga mpira mara kwa mara, kuupiga kwa nguvu uende mbali, kukimbia, kurusha na kudaka. Kila zana hupewa alama kati ya 20 na 80. Alama 50 ni wastani wa mchezaji wa Ligi Kuu, wala si wastani wa wanafunzi. Kwa hiyo kijana wa miaka 17 akipewa 30 katika upigaji, hiyo si aibu hata kidogo.

Hapa ndipo penye jambo lililonivutia. Kwa kila zana, fomu ina safu mbili. Safu ya kwanza ni ya alama za leo: kijana anaweza nini sasa hivi? Safu ya pili ni ya alama za kesho: ataweza nini akikomaa? Safu ya kwanza huandikwa kwa saa na macho. Ya pili huandikwa kwa imani, na anayeiandika huweka rehani jina lake.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1992, mjini Kalamazoo, jimbo la Michigan, watafuta vipaji walikuwa wakimtazama kijana aitwaye Derek Jeter wa shule ya sekondari ya Kalamazoo Central. Alizaliwa New Jersey tarehe 26 Juni 1974. Baba yake, Charles, aliwahi kucheza nafasi hiyo hiyo ya shotistopu katika Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville. Mwanzoni mwa kila mwaka wa shule, yeye na mkewe Dorothy waliwaandikia watoto wao mkataba wa masomo na mwenendo, na watoto wakatia sahihi. Kijana alikuwa mrefu wa karibu mita 1.9, mwembamba mno, mwenye mikono na miguu mirefu. Aidha, Michigan ni jimbo la baridi, msimu wa shule ni mfupi, na watazamaji hawakupata siku nyingi za kumwona. Wastani wake wa upigaji ulikuwa 508 katika 1,000. Lakini warushaji aliokutana nao walikuwa wanafunzi wenzake, na si rahisi kujua namba kama hiyo ina thamani gani mbele ya wanaume wazima.

Wawili kati ya waliomtazama wanastahili kutajwa. Wa kwanza ni Dick Groch, aliyefanya kazi kwa klabu ya New York Yankees. Katika taarifa yake alimsifu kijana kwa mwili wake, wepesi wake na mkono wake, akatabiri kwamba atakuwa nyota wa Ligi Kuu. Hakuficha kasoro. Aliandika kwamba kijana ana pupa anapopiga na anahitaji kujifunza subira. Inasimuliwa kwamba wakubwa wake walipohofia kuwa kijana atakwenda kusoma Chuo Kikuu cha Michigan, Groch aliwajibu kwamba mahali pekee anapokwenda ni Cooperstown, yaani kwenye Jumba la Heshima la besiboli.

Wa pili ni Hal Newhouser, mtafuta vipaji wa Houston Astros. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Alizaliwa Detroit, akaichezea Detroit Tigers akiwa mrushaji, na mwaka 1944 na 1945 alitangazwa mara mbili mfululizo kuwa mchezaji bora wa ligi yake. Mwaka huo huo wa 1992 yeye mwenyewe aliingizwa katika Jumba la Heshima. Astros ndio waliokuwa na zamu ya kwanza ya kuchagua kijana yeyote nchini. Newhouser aliwaambia waajiri wake kwamba wamchukue Jeter. Wao walihofu kwamba kijana, kwa kuwa tayari alikuwa na nafasi ya chuo kikuu, angedai dola milioni moja au zaidi. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani mwaka 1991 mrushaji mmoja kijana alikuwa amelipwa dola milioni 1.55 kwa kutia sahihi tu, na bei zikapanda.

Tarehe 1 Juni 1992 uchaguzi ukafanyika. Astros walimchukua Phil Nevin wa Chuo Kikuu cha California huko Fullerton, kwa dola 700,000. Wakafuata Cleveland, Montreal, Baltimore na Cincinnati, wakawachukua Paul Shuey, B.J. Wallace, Jeffrey Hammonds na Chad Mottola. Wote watano walikuwa vijana wa vyuo vikuu, ambao alama zao za leo zilikuwa tayari juu. Wa sita wakawa Yankees, nao wakamchukua mtoto wa sekondari ambaye bado alikuwa na siku 25 kabla ya kutimiza miaka 18. Alitia sahihi kwa dola 800,000. Tofauti kati yake na Nevin ilikuwa dola 100,000. Newhouser aliacha kazi.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hadithi inaishia hapa, na kwamba funzo lake ni kuwacheka wale watano. La hasha. Nevin alicheza Ligi Kuu miaka 12 akapiga mipira 208 iliyovuka uzio. Huyo si mchezaji wa kubezwa. Shuey na Hammonds nao walicheza miaka mingi, ingawa Wallace hakufika kabisa. Tena, kama mtu angewauliza Yankees mwishoni mwa mwaka 1993, pengine wasingejigamba.

Kwa maana kesho haikuja upesi. Katika kiangazi cha 1992 Jeter alipelekwa katika ligi ya chini kabisa huko Florida, akacheza mechi 47 na kupata mapigo 20 tu katika kila mara 100. Mwenyewe amesimulia kwamba alikuwa akilia usiku na kuwapigia simu wazazi kila mara. Mwaka 1993, huko Greensboro, North Carolina, alifanya makosa 56 ya kudaka na kurusha katika msimu mmoja. Makosa 56! Kwa shotistopu hiyo ni aibu iliyoandikwa gazetini kila juma. Wapo waliosema ahamishwe nafasi, apelekwe nyuma ambako mipira si ya haraka.

Klabu haikumhamisha. Ilimpa mwalimu. Mwishoni mwa mwaka huo mkono wa kijana ulikuwa umeumia, hakuweza kupiga, na kocha Brian Butterfield akaitumia fursa hiyo kumfundisha jambo moja tu kwa majuma kadhaa: kudaka na kurusha, namna ya kuweka miguu, namna ya kuushika mpira kwenye glavu. Mwaka 1994 Jeter alipanda ngazi tatu katika msimu mmoja, akatajwa kuwa mchezaji bora wa ligi zote za chini. Tarehe 29 Mei 1995 alicheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza. Mwaka 1996 alikuwa shotistopu wa kudumu, akachaguliwa mchezaji bora mpya wa ligi yake, na Yankees wakawa mabingwa. Walirudia mwaka 1998, 1999, 2000 na 2009. Alipostaafu mwaka 2014 alikuwa na mapigo halali 3,465. Newhouser alifariki Novemba 1998, majuma machache baada ya ubingwa wa pili wa kijana aliyemwombea nafasi.

Kwa haki ni lazima nitaje pia mfano wa upande wa pili. Yule mrushaji wa dola milioni 1.55 aliitwa Brien Taylor, na waliomchagua mwaka 1991 ni Yankees hao hao. Zana zake zilionwa kuwa za ajabu. Desemba 1993 aliumia bega la mkono wa kurushia katika ugomvi nje ya uwanja, na hakufika Ligi Kuu. Hakuna fomu ambayo ingeweza kuandika habari hiyo mapema. Kwa upande mwingine, hata zana za Jeter hazikukubaliwa na wote hadi mwisho. Alipewa tuzo tano za ulinzi bora, lakini wataalamu wa takwimu walishikilia kwamba mipira mingi ilimpita ambayo wenzake wangeifikia. Na mwaka 2020, kura za Jumba la Heshima zilipohesabiwa, 396 kati ya 397 zilikuwa zake. Alikuwepo mmoja ambaye, hata baada ya kesho yote kuwa jana, bado hakuiona.

Mimi nimelifikiri jambo hili kwa macho ya mwalimu. Katika miaka niliyokalia kiti cha mwalimu mkuu nilitia sahihi ripoti nyingi za wanafunzi. Zilikuwa na nafasi ya alama, ya mahudhurio, ya usafi na ya tabia. Zote zilikuwa za safu ya leo. Mwanafunzi wa 40 katika darasa la wanafunzi 45 alirudi nyumbani na karatasi iliyosema kweli tupu juu ya muhula uliopita, lakini haikusema neno juu ya miaka iliyokuwa mbele yake. Mitihani haina lawama hapo. Mtihani ni saa ya mkononi: hupima sekunde zilizokwisha kupita, na kuipima kweli hiyo ni kazi ya lazima.

Lakini safu ya pili haijazwi na saa. Hujazwa na mtu aliyemtazama mtoto kwa muda mrefu, aliyeona anavyofanya baada ya kukosea, na aliye tayari kusema neno litakaloweza kumrudia. Tena, neno hilo peke yake halitoshi. Groch alikisia sawa, lakini makosa 56 yangeweza kuufuta ukisio wake kama klabu ingekosa subira na kama Butterfield asingeingia uwanjani kila siku kurudia somo lile lile. Kumchagua kijana ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kumvumilia anapotuaibisha, na kumfundisha wakati huo huo. Wahenga walisema pia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na methali hii huenda inatufaa zaidi kuliko ile ya nyota, kwa sababu inatutaka tutie mkono.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipewa kijana umtolee maoni, awe mwanao, mwanafunzi au mfanyakazi mpya, ziandike alama za leo bila upendeleo. Kisha chora safu ya pili kwa mkono wako, andika unachokiona, na utie sahihi. Ukishatia sahihi, usiondoke. Kaa karibu umsaidie kuifikia.