Jedwali la Marudio: Kuhesabu Mara Ngapi Mtoto Anaharisha

Ukimpeleka mtoto anayeharisha kliniki, swali la kwanza huwa, "Ameharisha mara ngapi tangu jana?" Walezi wengi hujibu, "Mara nyingi." Jibu hilo ni la kweli, lakini halimsaidii sana muuguzi. Isitoshe, mtoto huyo pengine alishinda na bibi, jioni akawa na dada, usiku akalala na mama. Kila mmoja aliona sehemu yake tu.

Idadi ya mara ambazo jambo limetokea huitwa marudio. Jedwali la marudio ni karatasi inayoonyesha kila jambo na idadi ya mara lilizotokea. Huhitaji kuwa hodari wa hesabu, bora uweze kuchora kijiti.

Jinsi ya kulitengeneza

Chora safu tatu kwenye karatasi: ya kwanza ni jambo, ya pili ni vijiti, ya tatu ni marudio. Kila jambo linapotokea, chora kijiti kimoja papo hapo, usingoje jioni ukumbuke. Kijiti cha 5 kipitishe juu ya vile vinne ili kupata fungu la tano. Hapa chini fungu hilo tumeliandika IIII/. Ibandike karatasi ukutani, na kalamu ining'inie hapo hapo, ili yeyote aliye na mtoto aandike.

Anza saa 12 asubuhi na ufunge hesabu saa 12 asubuhi ya siku inayofuata. Hizo ni saa 24 kamili, na usiku umo ndani.

Tuseme mtoto ana miezi 14, na Jumanne ilikuwa hivi:

Jambo | Vijiti | Marudio
Choo cha majimaji | IIII/ II | 7
Kutapika | II | 2
Kukojoa | III | 3
Kunyonya | IIII/ IIII/ | 10

Usijumlishe safu ya mwisho. Utapata 22, lakini 22 ya nini? Choo na kunyonya havijumlishwi pamoja. Soma kila mstari peke yake.

Namba hizo zinasema nini

Choo chepesi au cha majimaji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24 huhesabiwa kuwa kuharisha. Kichanga anayenyonya maziwa ya mama ni tofauti kidogo: anaweza kupata choo laini mara nyingi kwa siku na akawa mzima kabisa. Kwake angalia mabadiliko, yaani choo kimekuwa chepesi zaidi au cha mara nyingi kuliko kawaida yake.

Marudio ya choo pia yanakuonyesha kiasi cha ORS cha kumpa. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji, yaani robo hadi nusu ya kikombe kikubwa. Kwa choo mara 7 ni mililita 350 hadi 700 kwa siku. Changanya pakiti kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwage. Endelea kumnyonyesha na kumlisha, na uulize kliniki kuhusu zinki, ambayo hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma.

Mstari wa kukojoa husahaulika, nao ni muhimu. Mkojo ukipungua huku choo kikiongezeka, maji mwilini yanakwisha.

Siku kadhaa pamoja

Sasa andika marudio ya choo kwa kila siku:

Jumatatu | 4
Jumanne | 7
Jumatano | 6
Alhamisi | 3
Ijumaa | 1

Hapa kujumlisha kunafaa, kwa kuwa ni jambo lile lile: jumla ni 21. Ukigawanya kwa siku 5 unapata wastani wa 4.2. Kwa mlezi, wastani huo hausemi mengi. Mtoto aliyeanza na 1 akafika 7 angekuwa na wastani huo huo, ilhali hali yake ingekuwa inazidi kuwa mbaya. Tazama namba zinaelekea wapi.

Usingoje jedwali lijae

Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au ni vigumu kumwamsha, au amepata degedege. Dalili moja tu inatosha, hata kama karatasi ina kijiti kimoja. Ibebe karatasi pamoja na kadi ya kliniki. Na kuharisha kukifika siku 14, mpeleke hata kama vijiti vimepungua.