MLANGO USIO NA KOMEO

Sehemu ya Nne

ILIPOISHIA: Siku saba za hadhari zimekwisha. Wanyama wameingia, watu wanane wameingia, na mlango wa ubavuni mwa safina umefungwa bila mkono wa mtu. Usiku wa manane, mke wa Yafethi anasikia mtu akigonga nje. Ugongaji ule anaujua. SASA ENDELEA...

Ko. Ko-ko.

Hakuna mwingine aliyegonga hivyo chini ya jua. Baba yangu alikuwa mpika lami. Safina hii, mikono 300 kwa urefu na 50 kwa upana, ameipaka yeye ndani na nje, kwa ujira wa baba mkwe. Kila alipomaliza ubao aliugonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Ubao ulioshiba lami huitika kwa sauti nzito. Wenye njaa hulia kama kibuyu kitupu.

Mchana alipokea ujira; jioni, kwenye pombe, alimcheka aliyemlipa. Mzee wa miaka 600 anaunda chombo nchi kavu!

Nilishuka orofa ya chini na taa ya mafuta. Ng'ombe walikuwa wamesimama wote, masikio juu. Chini ya miguu yetu ardhi ilinguruma, maana maji yale hayakutoka mbinguni peke yake. Chemchemi za vilindi nazo zilikuwa zimepasuka.

"Mwanangu," sauti ikapenya mbao, "maji yamenifika shingoni."

Msemo huo aliusema kila alipodaiwa. Usiku ule haukuwa msemo.

Nikakimbilia mlangoni. Nikapapasa juu, chini, kushoto, kulia. Hapakuwa na komeo wala kia.

"Usijichoshe, mwanangu."

Baba mkwe alikuwa ameketi gizani, mgongo umeegemea mlango, kando yake chungu cha lami kikitokota juu ya makaa. Nikamsogezea taa. Kucha zake mbili zilikuwa zimeng'oka.

"Baba! Umefanya nini?"

"Nimejaribu kuufungua. Toka jioni."

Miguu ikaniisha nguvu. Nikakaa.

"Mwaka huu tumemzika babu yangu Methusela," akasema taratibu. "Miaka 969. Muda wote huo mvua ilikuwa inasubiri. Hata baada ya hapo mlango umekaa wazi siku saba, nami nimelala kizingitini nikitazama njia. Baba yako alipita mara mbili. Mara ya pili alisimama. Nikasema moyoni, huyu anaingia. Akaniuliza kama kuna lami iliyobaki. Nikampa, akaenda zake."

"Basi mwombe Mungu afungue!"

"Nimemwomba. Au unadhani anafurahi? Alihuzunika moyoni kabla tone la kwanza halijaanguka." Akafuta damu kwenye kanzu. "Angeniachia mlango huu, leo ningewafungia walionicheka, na kesho ningewafungulia wote tukazama pamoja. Hukumu si mzigo wa mabega yangu, mwanangu. Ndiyo maana kauchukua mwenyewe."

Nje kugonga kukakoma.

Nikahesabu pumzi zangu. Moja. Mbili. Tatu.

Paa!

Hiyo haikuwa ngumi, ilikuwa shoka. Wala halikupiga mlangoni. Lilipiga ubao wa saba kushoto, nami damu ikaniganda, kwa kuwa siri ya ubao ule tuliijua watu wawili tu. "Huu haukushiba," baba aliniambia siku moja. "Nitaurudia kesho." Kesho hiyo haikufika.

Paa! Lami ikabanduka. Paa! Ncha ya shoka ikachungulia ndani, na nyuma yake uzi wa maji, mwembamba kama ushanga, ukamwagikia nyasi za kondoo. Juu yetu, orofa ya tatu, nikamsikia Yafethi akiniita.

Baba mkwe akainuka. Akachota lami ya moto kwa upawa, akanikabidhi. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka.

"Ziba, mwanangu."

Ufa ukatanuka. Kidole kikapenya, kifundo chake cheusi kwa lami ya miaka mingi.

"Panua, mwanangu."

Nikainua upawa...

Je, mke wa Yafethi ataziba au atapanua? Na wewe msomaji, ungekuwa na upawa ule mkononi, ungefanya nini? Tukutane Jumamosi ijayo.