Nyabururu, Parokia Mama ya Gusii

Mkatoliki wa Birongo, huko Gusii, akiuliza kigango chake kilizaliwa na nani, na aliyekizaa alizaliwa na nani, mwisho wa yote atafika Nyabururu, karibu na mji wa Kisii. Hapo ndipo mapadri wa Mill Hill, shirika lililoanzishwa London mwaka 1866, walipofungua misheni yao ya kwanza Gusii mwaka 1911. Mmoja wao alikuwa Mholanzi, Padri Gorgonius Brandsma. Wasabato wakafuata muda mfupi baadaye, kwenye kilima cha Nyanchwa. Hadi leo ukoo mmoja huweza kuwa na wa Jumamosi na wa Jumapili.

Nyabururu haikupokelewa kwa vigelegele, na ingepokelewaje? Waingereza walikuwa wameipiga Gusii mwaka 1905, wakarudi 1908 baada ya Otenyo, mpiganaji wa Kigusii, kumchoma mkuki Northcote, mkuu wao wa wilaya. Watu waliuawa, nyumba zikateketezwa, ng'ombe wakaswagwa. Miaka mitatu baadaye anakuja Mzungu mwingine, huyu ameshika msalaba. Septemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipoingia Kisii na Waingereza wakaondoka kwa muda, wananchi walivamia ofisi, maduka na misheni zote mbili. Wakoloni waliuita wizi. Kwangu mimi ilikuwa hasira iliyokuwa na sababu, nayo ililipiwa kwa mifugo na kwa vijana waliopelekwa kazi za shokoa.

Kilichowarudisha watu Nyabururu ni shule. Vijana walitaka kusoma, na makatekista, Wagusii wenyewe, wakapeleka mafundisho kutoka kilima hadi kilima. Hao ndio waliojenga Kanisa hili, ingawa picha za ukutani ni za mapadri. Mwaka 1960 Kisii ikawa jimbo, chini ya Askofu Maurice Otunga, ambaye 1973 alikuja kuwa kardinali wa kwanza wa Kenya.

Historia ya Kanisa hili haisomwi makaburini. Katika vijiji vya Uingereza, kanisa la kale limezungukwa na makaburi. Ukoo mzima husomwa kwenye mawe. Gusii mtu huzikwa kwake, kando ya nyumba na migomba, na padri ndiye anayefunga safari. Mavazi ya ibada huyavalia uani, altare ni meza ya wenye nyumba iliyotandikwa kitambaa cheupe, na kwaya husimama katikati ya michai. Kwa hiyo anayetaka kuiandika historia ya parokia hii, akishamaliza daftari za ubatizo, itambidi apite boma kwa boma, Birongo, Keumbu na kwingineko, akae na wazee wangali hai.