Nafuu ya Kodi: Kenya kwa Mwenye Akiba, Tanzania kwa Mwenye Daftari

Kukwepa kodi ni kosa, lakini kulipa kile tu ambacho sheria inakidai ni haki. Kenya na Tanzania zote zinaitambua haki hiyo. Zinapotofautiana ni kuhusu nani hasa anayefaidika nayo.

Kenya humpa kila mlipakodi nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi, inayomfutia kodi yote mwenye mapato yasiyozidi 24,000. Juu ya hapo nafuu humfuata anayeweka akiba. Mchango wa pensheni katika mfuko uliosajiliwa huondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa, hadi 30,000 kwa mwezi. Kabla ya sheria kubadilishwa Desemba 2024, kikomo kilikuwa 20,000. Riba ya mkopo wa nyumba unayoishi huondolewa pia, hadi 360,000 kwa mwaka. Anayelipia bima ya maisha hurudishiwa asilimia 15 ya malipo yake, bila kuzidi 5,000 kwa mwezi. Mwenye ulemavu aliyepata cheti cha msamaha hatozwi kodi kwa 150,000 za kwanza za kila mwezi.

Tanzania haimwulizi mwajiriwa mengi. Shilingi 270,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazitozwi, na mchango wake wa hifadhi ya jamii hukatwa kabla ya kodi. Nafuu yake ya kipekee iko sokoni. Kwa viwango vilivyowekwa 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya milioni 5 kwa mwaka, asiyetunza kumbukumbu, hudaiwa 100,000. Jirani yake mwenye mauzo yaleyale na kumbukumbu kamili hutozwa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 30,000 tu.

Hapo ndipo naupendelea utaratibu wa Tanzania. Pensheni ya 10,000 nchini Kenya humwokolea kodi ya 3,000 aliye kwenye kiwango cha asilimia 30, na 3,500 aliye kwenye asilimia 35. Mwenye mshahara wa 24,000 haambulii kitu, kwa kuwa hana kodi ya kupunguziwa. Kadiri kipato kinavyopanda, ndivyo nafuu inavyonona. Nafuu ya daftari humfikia hata mama lishe asiye na mkopo wa nyumba wala bima.

Hata hivyo, daftari lina faida Kenya pia. Kodi ya mauzo ya asilimia 3, kwa biashara zenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25, haijali kama umepata faida au hasara. Mwenye faida finyu anaweza kumwandikia Kamishna kwamba anajiondoa humo, atozwe kwa faida yake. Lakini faida hiyo ataithibitishaje bila hesabu?

Basi mfanyakazi wa Kenya akusanye cheti cha bima na taarifa ya pensheni mapema, adai haki yake kwenye ritani kabla ya Juni 30. Mfanyabiashara wa Tanzania aandike mauzo ya kila siku na kutunza risiti. Na serikali zote mbili ziwafundishe wananchi kudai nafuu kwa bidii ileile zinayotumia kudai kodi, kwani nafuu isiyojulikana na wanyonge hubaki kuwa ya wenye wahasibu.